Hodi ya Bubu

Wapendwa, hodi!

Mmeona? Watoto wa mbele wameitikia kabla sijafunga mdomo. Kina baba wa viti vya nyuma hapa kanisani mmenikodolea macho tu, kama vile nimekuja kukusanya michango ya harusi. Narudia. Hodi! Haya, ahsanteni. Sasa nimeingia kwa ruhusa, na mkinichoka msije mkasema niliwavamia.

Kulikuwa na kijiji kimoja cha wakulima wa pamba, na katika kijiji hicho kulikuwa na mwenyekiti wa walinzi wa jadi. Naomba mnielewe tangu mwanzo: mwenyekiti huyu hakuwa mtu mbaya. Tukifika katikati ya mfano mtataka kumchukia, nami sitaki mumchukie. Mgonjwa akibebwa kwenye machela, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kutoa bega. Msibani alichimba kaburi mpaka mikono ikaota malengelenge. Lakini alikuwa na kidonda moyoni. Mdogo wake wa tumbo moja alimkuta mtu zizini kwake, akasitasita, akamuuliza, "Wewe nani?" Jibu alilopewa lilikuwa panga. Tangu walipomzika, mwenyekiti alikuwa akijisemea peke yake shambani: laiti mdogo wangu angepiga kwanza, akauliza baadaye.

Mtu mwenye kidonda kama hicho akitunga sheria, utamlaumu? Aliitisha mkutano, akatunga. Wakaiita Sheria ya Hodi, nayo ilikuwa fupi, hata bibi asiyejua kusoma aliishika kichwani. Ilisema hivi: atakayeingia kwa mtu bila kupiga hodi, akipigwa, amejitakia, aliyempiga amejitetea, hana hatia. Na yowe likipigwa, kila mwenye miguu afike. Asiyefika atatoa mbuzi, na mbuzi huyo atapewa aliyepiga yowe.

Wanawake walipiga vigelegele. Hata mimi ningekuwepo ningenyoosha mkono. Na kweli, wizi ukapungua. Ng'ombe wakalala, na watu wakalala. Mwenyekiti akipita njiani anaamkiwa kwa heshima, naye anaitikia huku moyoni anamwambia marehemu mdogo wake, umeona?

Sasa, katika kijiji hicho alikuwepo bubu mmoja. Masikio yake yalikuwa mazima kabisa, alisikia hata mchwa wakitembea, ila ulimi wake haukutoa neno tangu azaliwe. Alikuwa akiishi kwa vibarua, kuchota maji hapa, kupasua kuni pale. Siku moja akamwona kuku wa mwenye mashine ya kusaga amevuka barabara, anazurura na vifaranga wake. Bubu akamkamata yule kuku vizuri, akawatia vifaranga kwenye kofia yake, akawapeleka wote kwa mwenyewe. Akafungua geti, akaingia uani.

Nawauliza, alipiga hodi?

Angepigaje? Mwenye mashine aligeuka, akaona mtu yuko ndani ya ua wake na kuku kwapani. Akamshukia na mpini wa jembe. Bubu alipotoka pale alikuwa amepoteza meno mawili ya mbele, na mkono wake wa kulia haukunyooka vizuri tena.

Kesi ikaletwa kwa mwenyekiti, kwenye ghala la pamba walikokuwa wakikutana. Haikuchukua muda. Mwenyekiti akauliza, "Alipiga hodi?" Mwenye mashine akasema, "Hakupiga." Watu wakatazamana, wakainua mabega. Sheria ni msumeno. Mwenyekiti alimhurumia bubu, alimhurumia kweli, hata akampa shati lake la zamani. Lakini shati si haki.

Jioni, mkewe akimtengea chakula, akamwuliza, "Baba, na yule bubu angesemaje hodi?"

Mwenyekiti akafikiri, akamega tonge, akasema, "Angekohoa."

Msicheke sana. Kuna sheria nyingi duniani zimetungwa kwa jibu kama hilo la angekohoa.

Bubu yeye alijifunza kwa njia yake. Tangu siku hiyo, akifika mlangoni mwa mtu, mlango wowote, hata ukiwa wazi na mwenyewe anamwona, alisimama nje akapiga makofi mawili. Pa, pa. Akangoja. Asipojibiwa, akapiga tena. Asingeingia hata mvua ingemnyeshea mpaka mifupani. Watoto wakawa wanamwigiza, na watu wazima wakasema, tazameni, sheria imemfunza adabu hata bubu.

Sasa tuje kwa mwanamke.

Kijiji kilikuwa na fundi baiskeli. Mtu mcheshi kama nini! Ukimpelekea baiskeli imepasuka tairi, unairudisha nzima na mbavu zako zinauma kwa kucheka. Alikuwa na mke na watoto pacha, Kulwa na Doto, kwa hiyo mkewe wakamwita Mama Kulwa. Huyo mama alikuwa kimya. Mara nyingine alikwenda kisimani amejitanda khanga mpaka kwenye nyusi, na jua lenyewe halijatoka sawasawa. Wanawake wenzake walijua. Tukiwa wakweli, wanaume nao walijua. Lakini walisema yale tunayosema siku zote: ya ndoa ni ya wawili, na wagombanao ndio wapatanao.

Basi, Jumapili moja mchana, watu wametoka ibadani, wengine hata viatu hawajavua, likasikika yowe. Yowe la mwanamke, lile la mkono mdomoni, linalokata moyo. Sheria ya Hodi ikafanya kazi yake. Mwenyekiti akachomoka na rungu lake, mwenye mashine na mpini wake, vijana na mapanga, na bubu naye nyuma yao anakimbia. Walifika uani kwa fundi baiskeli wanahema. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Mwenyekiti akainua mkono, wote wakanyamaza ili wasikie mwizi yuko upande gani.

Wakasikia sauti ya fundi ndani. Mwenyekiti akashusha rungu. Akacheka kile kicheko cha mtu aliyeogopa bure. Akasema kwa sauti, "Kumbe ni mke na mume! Haya jamani, turudini, wanayajua wenyewe."

Wakarudi. Walikuwa wameacha chakula mezani, nacho kilikuwa kinapoa.

Kesho yake habari zikaenea kama moto wa nyasi: Mama Kulwa amemvunja mumewe mkono kwa mchi. Mchi wa kutwangia kisamvu! Fundi alikuwa amefungwa mkono shingoni, baiskeli za kijiji kizima zimelala chini ya mwembe hazina wa kuzitengeneza, na watu walikuwa na hasira. Wengine walimwonea huruma fundi, wengine waliyaonea huruma matairi yao. Adhabu ya mtu aliyempiga mwanakijiji bila haki ilijulikana. Ni kutengwa. Hasalimiwi, hapewi moto, hachoti maji na wenzake, na akifiwa anazika peke yake. Kwa mwanamke, maana yake ilikuwa moja tu: afunge virago vyake, arudi kwao, na watoto wabaki. Kulwa na Doto walikuwa ndio kwanza wanaota meno ya pili.

Wakakusanyika kwenye ghala la pamba. Mama Kulwa aliketi sakafuni, jicho moja limefunga. Watoto walikuwa nje wanachungulia, wamefukuzwa mara kadhaa na wamerudi mara kadhaa.

Mwenye mashine alisimama wa kwanza. Mtu aliyenufaika na sheria huwa hodari sana wa kuieleza. Akasema, "Mwenyekiti, sheria yetu iko wazi. Ya kujitetea ni pale mtu anapoingiliwa bila hodi. Sasa nauliza, huyu baba Kulwa alipaswa kupiga hodi kwake?"

Ghala zima likacheka. Mtu apige hodi kwake!

"Basi hakuna kujitetea hapo," akasema, akakaa.

Mwenyekiti alimgeukia mwanamke. Alizungumza kwa upole, kwa sababu kama nilivyosema, hakuwa mtu mbaya. "Mama Kulwa, ni kweli ulimpiga mumeo kwa mchi?"

"Ni kweli, baba."

"Kwa nini hukukimbia?"

"Mlango ulikuwa nyuma yake, baba. Na watoto walikuwa nyuma yangu."

"Na ulipompiga, alikuwa akikupiga?"

"Hapana. Alikuwa ameacha."

Minong'ono ikaanza. Mwenyekiti alihisi mzigo ukimshuka, maana kesi ilikuwa imejimaliza yenyewe. Akasema, "Mwanangu, sasa hapo utasemaje ulijitetea? Mtu ameacha, wewe ukampiga. Huko si kujitetea, huko ni kulipiza."

Ndugu zangu, hapa ndipo yule mama aliyekuwa kimya miaka yote alipofungua kinywa. Akasema, "Baba, uliza kwanza aliacha kwa nini."

"Aliacha kwa nini?"

"Alisikia miguu yenu. Mimi nilikuwa nimepiga yowe, na nyinyi mkaja, Mungu awabariki, mlikuja mbio. Naye aliposikia miguu akaacha. Akasimama anahema, anasikiliza. Na mimi nikawa nasikiliza. Sote wawili tulikuwa tunasikiliza mtasema nini. Nikajiambia, leo nimepona. Halafu nikasikia sauti yako, baba. Ulisema, kumbe ni mke na mume."

Waliokuwa nyuma wakasogea mbele ili wasikie.

"Naye aliisikia. Akanitazama, akatabasamu. Akaenda polepole mlangoni, akaweka komeo. Nikasikia miguu yenu inaondoka, mmoja wenu anauliza kama nyama imebaki. Hapo ndipo nikashika mchi."

"Mtu mmoja hakuondoka," akaendelea Mama Kulwa. "Sikumwona, nilimsikia. Alikuwa amesimama nje ya mlango anapiga makofi. Pa, pa. Anangoja. Pa, pa. Nilitaka kumwambia karibu, vunja komeo uingie, lakini koo lilikuwa limekauka kwa yowe. Alipiga makofi yale mpaka mkono wa baba Kulwa ukavunjika."

Watu wote waligeuka. Bubu alikuwa ameketi nyuma kabisa, karibu na mizani ya kupimia pamba, amevaa shati la zamani la mwenyekiti. Alipoona anatazamwa akainua mikono yake, ule mzima na ule usionyooka, akapiga. Pa, pa. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Mwenyekiti akamtazama, na kila kitu kikamjia. Mtu pekee aliyetaka kuingia kumwokoa mwanamke, wao wenyewe walikuwa wamemfunza kwa mpini wa jembe kwamba asiingie. Na aliyestahili kuogopa kuingia, sheria ilimfungulia mlango na kumwachia komeo mkononi. Kumbe ile sheria aliyoitunga kwa ajili ya mdogo wake aliyekufa ilikuwa ikimlinda mwenye mlango na mwenye ulimi, basi. Asiye na ulimi ilimvunja mkono. Mwenye ulimi asiye na mlango, ilimsikia ikarudi kula.

Akasimama, akamkabidhi mtu rungu lake, akatoka nje. Watu wakadhani amekwenda kujisaidia. Mwenye mashine akatoa saa mfukoni. Mara wakasikia purukushani barabarani, wakachungulia: mwenyekiti anakuja anavuta beberu kwa kamba, na beberu hataki, amekita miguu minne vumbini, wanavutana kama mahasimu. Akamwingiza ghalani, akamfunga kwenye mguu wa mizani, mbele ya Mama Kulwa.

"Sheria inasema yowe likipigwa, asiyefika atoe mbuzi," akasema. "Huyu ni wangu."

Mwenye mashine akaruka. "Mwenyekiti, lakini ulifika! Sote tulifika, kila mtu shahidi!"

"Miguu ilifika," akasema mwenyekiti. "Mimi sikufika."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akainuka taratibu, akaenda kwake, akarudi na mbuzi. Kijana mmoja asiye na mbuzi akarudi na jogoo. Wapo pia waliojipenyeza mlangoni wakaenda moja kwa moja mashambani na hawakuonekana mpaka kesho yake, maana hata katika mfano wa kanisani watu ni wale wale.

Mama Kulwa alimtazama beberu. "Nashukuru, baba," akasema. "Lakini jua likizama, komeo la ule mlango litakuwa mkononi mwa nani?"

Hilo, wapendwa, ndilo lilikuwa swali. Mbuzi hazuii ngumi. Mwenyekiti aliinamisha kichwa akafikiri, na safari hii hakusema angekohoa. Akasema, "Mama Kulwa hana hatia. Alijitetea, na alijitetea baada ya sisi wote kukataa kumtetea. Komeo ni lake. Na wewe fundi, utakaa kwa kaka yako. Ukitaka kuwaona watoto, utasimama nje ya ule mlango, utapiga hodi, utangoja. Usipoitikiwa karibu, urudi ulikotoka."

Fundi aliruka na mkono wake uliofungwa. "Mimi? Nipige hodi kwangu? Nyumba niliyoijenga mwenyewe?"

"Nawe upige, na mimi nitapiga kwangu," mwenyekiti akajibu. "Nimeoa miaka yote hii, sijawahi kuuliza kama ninakaribishwa. Tulikosea tangu mwanzo, tulidhani hodi hupigiwa mlango. Hodi anapigiwa mtu."

Wanasema jioni moja fundi alionekana amesimama pale nje, majirani wote wamejifanya wanafagia. Akasema hodi kwa sauti ndogo, kama mtu aliyemeza mfupa wa samaki. Mtaniuliza, Mama Kulwa aliitikia? Sijui. Mfano wangu unaishia mlangoni, na aliye ndani ndiye mwenye neno.

Lakini sisi je?

Siku hizi tunabishana sana, kwenye redio, kwenye vijiwe vya kahawa, hata hapa nje baada ya ibada nawasikia. Mtu ana haki ya kujitetea kwa kiasi gani? Akimpiga mvamizi, ashitakiwe au asishitakiwe? Bishaneni, ni mjadala wa maana, na waliozika ndugu zao kama mwenyekiti wana haki ya kusikilizwa. Ila kabla ya kunyoosha mkono kupitisha sheria, tuulizane: waliotunga walikuwa wamekaa upande gani wa mlango? Asiyeweza kusema hodi itamfanya nini? Na yule ambaye hatari yake haiingii kutoka nje, hatari yake imekaa mezani inangoja chai, tumemwekea nini?

Tena nawaambia, sheria ni nusu tu. Ile nyingine ni neno dogo tunalolipenda sana. Kumbe! Kumbe ni mke na mume. Kumbe ni yule mlevi na mwanawe. Kumbe ni dada wa kazi na tajiri yake. Tunakuja mbio na marungu, tukisikia ni nani anayelia, tunasema kumbe, tunarudi kwenye nyama. Na ndani ya nyumba watu wawili wanasikiliza. Mmoja anatabasamu, anaweka komeo. Mwenzake anatafuta mchi. Halafu kesho sisi sisi ndio tunaketi kumwuliza, mama, kwa nini ulitumia mchi?

Mungu mwenyewe, aliyetuumba, mwenye kila nyumba na kila ufunguo, akija kwa mtu anabisha hodi anangoja. Sisi ni nani hata tuingie kwa mabavu? Na huyo huyo Mungu, akisikia yowe, hajawahi kusema kumbe.

Naona mikono inainuka, mnataka kunipigia makofi. Tafadhalini, msipige. Makofi yalikwisha kupigwa, nje ya mlango wa watu, na hatukuyajibu. Nendeni nyumbani kwanza. Mkifika, simameni mlangoni, semeni hodi, msikilize mnaitikiwa kwa sauti gani. Halafu kila mtu azunguke nyuma ya nyumba yake, amfungue mbuzi. Anajua mwenyewe ampeleke kwa nani.